Ghorofa ya Kulilia

Likasi, Panda, 3 Machi 2022

Aimée mwanangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta salama huko Kinshasa. Sisi tunaendelea. Mama yako anasali na kulalamika kama kawaida yake, na mimi masikio yangu sasa yamekufa kabisa. Jana sokoni jirani yetu Philomène aliniita kwa nguvu mpaka watu wote wakageuka, isipokuwa mimi. Kwa hiyo usinitumie tena sauti yako kwenye simu. Mama yako anaisikiliza, anacheka peke yake, halafu ananisimulia nusu. Niandikie. Vinu vya kusaga mawe vilikula masikio yangu kwa miaka thelathini na moja, lakini macho havikuyafikia.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita walikuja wenye mradi wa mnara, mbele yao kijana mmoja wa viatu vyeupe anayeitwa Clovis. Kwenye ukumbi wa parokia waliweka mezani mnara mdogo wa plastiki, ghorofa kumi na nne: chini maduka, kisha ofisi, kisha nyumba za kukaa, na juu kabisa hoteli. Wanataka nyumba zetu kumi na mbili, mstari wote unaotazama barabara kubwa. Kila familia itapewa nyumba humo ndani, kwa karatasi halali. Nikainama kusoma maandishi ya pembeni, nikaona jina la ofisi yenu, na chini yake jina lako. Nilitafuta kiti. Mama yako alilia mbele ya watu bila haya.

Lakini wewe unajua mimi ni fundi wa namna gani. Zamani nilitengeneza mbao za kumwagia beton, lile zege la kampuni, na tangu kampuni ituachishe kazi natengeneza masanduku ya marehemu. Kwa hiyo nilimuuliza Clovis mambo mawili. Watu wa ghorofa ya nane wakifiwa, watakaa wapi na kilio? Na sanduku la mita mbili litatoka vipi mle? Alicheka, nikaona meno yote. Akasema, “Papa, ile ni immeuble moderne.” Jengo la kisasa, sawa, lakini sikuona jibu ndani yake.

Unakumbuka bibi yako alipokufa. Lupango letu, ua wote, lilijaa viti, turubai likafungwa kwenye mpapai, akina mama wakalala mikekani siku nne, moto wa kupikia haukuzimika. Na kabla ya kwenda kanisani tulimwingiza bibi ndani ya nyumba yake mara ya mwisho, maana hatoki mtu bila kuaga kwake. Watu wa mstari wananiuliza kama mambo hayo yatawezekana huko juu. Nimewaambia sijui, nitamuuliza mwenye kuchora.

Baba yako,
Germain


Kinshasa, 28 Machi 2022

Papa mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisomea ofisi nzima. Sisi hapa tuna watu waliosoma Ulaya, tuna kompyuta zinazopima upepo na jua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza sanduku litatoka vipi. Mkubwa wangu akasema: huyu mzee anapaswa kulipwa mshahara.

Sasa sikiliza, au tuseme soma. Mnara kama huu ni miji mitatu iliyowekwa mmoja juu ya mwingine. Watu wa maduka, watu wa nyumba na watu wa hoteli wana milango tofauti, mabomba tofauti na saa tofauti za kuamka. Kati ya ofisi na nyumba huwa tunaacha ghorofa moja ya mashine na mabomba. Hiyo ni ghorofa ya sita. Nimesogeza mashine zote upande mmoja, na sehemu iliyobaki nimeiacha wazi, bila kuta, ina paa na upepo, mita kumi na nane kwa ishirini na nne. Ni kubwa kuliko malupango yetu matatu. Kuna sehemu ya kupikia yenye bomba la moshi. Kuna mabomba ya maji. Watu wa nyumba watalilia hapo wapendavyo, na hakuna mgeni wa hoteli atakayewapitia.

Na lifti ya upande wa nyumba nimeichora yenye kina cha mita mbili na sentimita thelathini. Weka sanduku lako la mita mbili, bado mbebaji wa nyuma atapata mahali pa kusimama.

Nakutumia mchoro wa ghorofa ya sita. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu: “Mahali pa kulilia, kwa ajili ya familia kumi na mbili za Panda,” nikasaini. Mpe Mama naye auone. Mwambie nakula vizuri, asianze.

Binti yako,
Aimée


Likasi, Panda, 14 Juni 2022

Aimée mwanangu,

Imekwisha. Juzi Jumapili baada ya misa tulikutana, familia zote kumi na mbili, na Clovis alikuwepo na karatasi zake. Nilikuwa nimeubandika mchoro wako kwenye ubao wa katekisimu, kwa misumari minne.

Nisikufiche, haikuwa rahisi. Mzee Ambroise alitaka kujua kama ataweza kufuga kuku. Lakini aliyesumbua kweli ni Philomène. Unajua alimzika mume wake na watoto wawili kutoka lupango lile lile, na kwake kilio si mchezo. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu kabisa, ili nisome midomo yake vizuri. “Germain, weye uko na mutoto mule, minye sina mutu mule. Ile karatasi minye siiamini. Niko naamini weye. Kama weye unasema iko mahali ya kulilia bantu yetu, nitasaini.”

Nikamwambia ipo. Nikaweka kidole kwenye saini yako. Nikasema, huyu nilimfundisha kushika rula kabla hajajua kusoma, na hajawahi kunipa kipimo cha uongo. Akasaini wa kwanza, kwa dole gumba, na wengine wakamfuata.

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Mama yako aliniambia nimeanza kuringa uzeeni, na ni kweli. Mwezi wa nane tutahama kwenye nyumba za kupanga mpaka mnara ukamilike. Mpapai nimeukata mwenyewe, sikutaka tingatinga liufanyie hivyo.

Baba yako,
Germain


Kinshasa, 4 Julai 2022

Papa,

Hongera. Nimefurahi kwa ajili yenu wote.

Samahani kwa barua fupi, tuna kazi nyingi mno. Nilitaka tu kuuliza: ule mchoro umebaki kwako, au umeuacha parokiani? Afadhali ukae nyumbani. Michoro hubadilika kidogo kidogo mpaka siku ya mwisho, ndivyo kazi yetu ilivyo, na watu wasiozoea wanaweza kuchanganyikiwa wakiona mchoro wa mwanzo.

Mbusu Mama.

Aimée


Likasi, 11 Februari 2024

Mwanangu,

Umekuwa mtu wa barua fupi, lakini najua mnara unakula watu wake. Huku tumeuona ukipanda. Kila Jumamosi naenda kusimama ng'ambo ya barabara kuangalia mafundi. Mbao zao za beton ni za chuma siku hizi, mtu hahitaji hata kujua kupiga msumari. Lakini kazi ni safi, nguzo zimenyooka, na nimewaambia watu kwamba hiyo ni akili yako.

Wiki iliyopita wamefika ghorofa ya kumi. Nikahesabu kutoka chini, nikarudia kuhesabu, maana nimeona matofali yanapandishwa ghorofa ya sita. Wanajenga kuta upande wa barabara na upande wa parokia. Wewe uliniandikia haina kuta. Nikavuka nikamuuliza msimamizi wao, naye akanionyesha kwa mkono nitoke, nisije nikaangukiwa na kitu.

Niambie tu ni kuta za nini. Philomène anakaa sasa kwa binti yake karibu na Mulungwishi, lakini kila akija mjini anapita kuangalia, na anajua kuhesabu mpaka sita. Nimemwambia nimekuandikia.

Mama yako anakusalimu. Anachoka haraka siku hizi, ni umri.

Germain


Kinshasa, 2 Machi 2024

Papa mpendwa,

Usiwe na wasiwasi. Hizo ni kuta za muda. Wakijenga ghorofa za juu, upepo unaoingia ghorofa iliyo wazi unasumbua mafundi na kupeperusha vumbi la saruji mpaka barabarani. Kwa hiyo wanaziba kwanza, na mwishoni wanafungua. Ni jambo la kawaida kabisa kwenye majengo marefu.

Mwambie Mama Philomène ahesabu polepole.

Mama aende kupimwa presha. Nimempata kwenye simu, akaniambia ni mzima kama chuma, na mimi sikumwamini.

Binti yako,
Aimée


Likasi, kwenye mnara, ghorofa ya nane, 22 Septemba 2024

Aimée,

Tumehamia. Nakuandikia nikiwa dirishani, na kwa mara ya kwanza maishani naona paa la kiwanda nilichofanyia kazi. Nilijua kuta zake tu. Nyumba ni nzuri, sitasema vingine. Bafu lina vigae mpaka juu, mlango unafunga bila kusukumwa, na mama yako anafungua bomba la maji ya moto ili tu aone moshi.

Umeme ukikatika, na unakatika, lifti yetu inasimama. Jenereta ni ya maduka na ya hoteli. Sisi wa katikati tunapanda kwa miguu, ngazi mia moja na sitini. Mama yako anapumzika ghorofa ya tatu, ya tano na ya saba. Mzee Ambroise yuko juu yetu, ghorofa ya tisa, na kuku wake ameshawala wote.

Nilipanda mpaka ghorofa ya sita siku ya kwanza kabisa, kabla sijafungua masanduku ya vyombo. Kuna mlango mkubwa wa vioo wenye kufuli. Mwanangu, mimi nimemwaga beton maisha yangu yote. Ukuta wa muda hauwekewi plasta pande mbili. Ukuta wa muda hauwekewi mlango wenye boriti ya beton juu yake. Nilikaa kwenye ngazi pale nikaangalia ile boriti kwa muda mrefu.

Philomène naye amehamia, mlango unaotazamana na wetu. Kila asubuhi akinikuta ananiuliza kwa kichwa tu, hivi, kidevu juu. Nami namjibu kwa mkono kwamba tungoje. Watu bado hawajajua ninachokijua. Nimewaambia wenye mradi wanamalizia kazi, na wewe ndiwe unayesimamia.

Huo sasa ni uongo wangu, si wako, na nimeukubali kwa sababu nakungoja uniandikie mwenyewe. Sitakuuliza tena.

Germain


Kinshasa, 15 Januari 2025

Papa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza kukuandikia mara nyingi.

Ni kweli kuna shida kidogo ghorofa ya sita. Watu wa hoteli wameomba waitumie kama ukumbi wa sherehe na mikutano. Niko kwenye mazungumzo nao. Nimependekeza siku fulani za mwezi ziachiwe familia, na wamesema watafikiria. Usiwaambie watu chochote bado, tafadhali, maana makelele yataharibu mazungumzo.

Na kuna jambo jingine la kufikiria, Papa. Hapa Kinshasa watu wengi siku hizi hawalilii nyumbani tena. Wanakodi ukumbi, wanaweka viti na maua, wanamaliza. Mwanzoni wazee walikataa, sasa wamezoea. Labda na Likasi itafika huko. Jengo nalo linaweza kuwafundisha watu namna mpya ya kuishi, ndivyo tulivyosomeshwa.

Uzinduzi ni mwezi wa tatu. Sitaweza kuja, nimepewa mradi mwingine mkubwa na mimi ndiye ninayeuongoza. Lakini wamenitumia picha ya kibao watakachoweka sebuleni chini, cha shaba ya kwetu, na jina langu liko juu kabisa. Mwonyeshe Mama. Mwambie ashike herufi kwa kidole.

Aimée


Kinshasa, 20 Julai 2025

Papa,

Wiki tatu zimepita tangu tumzike Mama, na bado sijui nianzie wapi.

Kwenye simu niliambiwa na Mama Philomène. Nilitafuta ndege siku hiyo hiyo, nikakosa, nikapata ya keshokutwa, na gari kutoka Lubumbashi likatuharibikia njiani. Ndiyo maana niliwakuta kanisani, sanduku likiwa tayari mbele ya altare. Najua ulikuwa unanilaumu kwa kuchelewa.

Lakini ulichonifanyia kaburini, Papa, hakuna mtu aliyewahi kunifanyia. Nilisimama mbele yako nikaanza kuzungumza, na wewe ukageuza uso. Nikazunguka upande wa pili, ukageuza tena. Wewe unajua kwamba ukigeuza uso mimi sina sauti. Watu wote waliona. Nilirudi Lubumbashi jioni ile kwa sababu sikuwa na mahali pa kukaa, usifikiri nilikimbia.

Kwa nini hukuniambia kwamba ni moyo? Philomène amesema daktari aliwaambia tangu mwezi wa kumi. Miezi tisa, Papa. Barua zako ziliniambia tu anachoka, ni umri. Ningekuja. Ningewatoa humo.

Na kuhusu ghorofa ya sita, nataka ujue ukweli. Walibadilisha bila kunijulisha. Wenye mradi walichukua michoro yetu wakaipeleka kwa mafundi wao, wakafanya walivyotaka, nami nimekuja kujua wakati wa kuchelewa. Nimepigana nao. Nimefikiria hata kuacha kazi, na ukisema niache nitaacha.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Aimée


Likasi, ghorofa ya nane, 12 Agosti 2025

Aimée,

Usiache kazi. Mama yako ndiye aliyenikataza kukuandikia habari ya moyo. Nilikuwa nimeshashika kalamu, akainyang'anya. “Usimuandikie ile maneno, mutoto ataacha kazi yake.” Nilimtii, na hilo nitalibeba mwenyewe. Kwa hiyo usimharibie kazi aliyoilinda.

Sasa nitakuandikia ambayo hukuyaona, kwa sababu ulitukuta kanisani.

Alifia hospitalini siku ya Jumatatu. Clovis, ambaye sasa ni meneja wa jengo, nilimfuata nikamwomba ghorofa ya sita siku mbili tu. Alizungumza polepole ili nisome vizuri, kijana ana adabu. “Papa, ile salle ni ya ma-clients. Kilio, hapana. Mutafanya huku nyuma, ku parking.” Akanionyesha karatasi ya masharti ya ukumbi wa wateja kwenye mlango wa vioo. Ndoa, ndiyo. Ubatizo, ndiyo. Mikutano, ndiyo. Kilio kimeandikwa peke yake, chini, kwa herufi nyekundu. Ndani niliona viti vimevalishwa vitambaa vyeupe kwa ajili ya arusi ya Jumamosi.

Kwa hiyo mama yako alililiwa kwenye maegesho ya magari. Akina mama wa Rozari walitandika mikeka katikati ya mistari ya rangi ya manjano, na gari likitaka kutoka walisimama wote, wakakunja mikeka, wakangoja, wakatandika tena. Moto ulikatazwa. Chakula tuliletewa kutoka mbali, kikafika baridi. Walimlilia hivyo siku mbili.

Siku ya kuzika tulimleta kutoka hospitalini aage nyumba yake. Umeme haukuwepo. Hoteli ilikuwa na taa, maduka yalikuwa na taa, lifti yetu ilikuwa gizani. Hilo nilikuwa nimelitarajia. Sanduku nililitengeneza mwenyewe, na kabla ya kulifunga nilimkaza mama yako kwa vitenge vyake vitatu, kimoja kifuani, kimoja kiunoni, kimoja magotini. Mpwa wa Ambroise aliniuliza kwa nini. Nikamwambia angoje afike kwenye ngazi.

Ngazi zako zina kona kumi na sita mpaka kwetu. Kila kona ni nyembamba kuliko sanduku, kwa hiyo kila kona tulilisimamisha wima, tukaligeuza, tukalilaza tena. Kumi na sita kupanda na kumi na sita kushuka. Nilikuwa mbele, upande wa kichwa. Nilikuwa nahisi kwa mikono uzito wake ukishuka kuelekea miguuni kila tulipomsimamisha, na vile vitenge vikimshika. Mama yako hakuachwa alale, Aimée. Kila kona alisimama, kupanda na kushuka, mgonjwa wa moyo, ngazi zile zile.

Tulipofika chini wabebaji hawakuwa na nguvu tena. Tukaomba viti viwili sebuleni, tukaliweka sanduku hapo wapumzike. Ukutani juu yake kuna kibao cha shaba. Watu wakainua macho. Unajua sisikii, lakini niliwaona wakisoma, mmoja baada ya mwingine, midomo ikiumba jina lako polepole, na chini yake mama yako. Philomène hajui kusoma. Alimshika mkono mtu wa pembeni akamuuliza pale juu pameandikwa nini, wakamwambia. Akanitazama. Kidevu hakuinua. Tangu siku ile haulizi tena, wala hanisalimii, na milango yetu inatazamana.

Kaburini niligeuza uso kwa sababu nilijua utaniambia uliyoniandikia kwenye barua hii. Walibadilisha bila kukujulisha. Sikutaka kuyasoma kwenye midomo yako, kwa sababu una midomo ya mama yako.

Sasa nina kazi, na nakuandikia kama fundi kwa fundi. Watu wa humu wameelewa. Wameanza kunijia mmoja mmoja, kwa aibu, kuulizia masanduku yatakayoingia kwenye lifti siku umeme ukiwepo. Wanawake na watu wafupi nitawasimamisha wima. Lakini Ambroise ni mtu wa mita moja na tisini, akisimama ndani ya sanduku hapiti mlangoni. Ameniuliza kama naweza kumtengenezea la kukaa. Nimelifikiria, inawezekana. Langu mwenyewe nimeshaanza kulichora hivyo hivyo, mtu amekaa, magoti juu, na mama yako hayupo wa kunicheka.

Uniandikie vipimo vya lifti. Usidhani nashindwa kupima, nimeshapima mara tatu na namba ninazo kwenye daftari. Nataka kuziona zimeandikwa na mkono wako.

Baba yako,
Germain


Kinshasa, 2 Septemba 2025

Papa,

Mlango: upana sentimita tisini, kimo mita mbili. Ndani: upana mita moja na kumi, kina mita moja na arobaini.

Karatasi ya kuipa hoteli ghorofa ya sita na ya kufupisha lifti ililetwa mezani kwangu mimi. Hakuna aliyenificha. Waliniambia bila saini yangu mradi utapewa ofisi nyingine. Niliisaini tarehe 19 Mei 2022. Wewe ulisimama mbele ya watu na mchoro wangu tarehe 12 Juni, na barua yako ilinikuta ninajua. Nilikuandikia hongera.

Mpelekee Mama Philomène barua hii. Umsomee yote, na tarehe umrudie mara mbili.

Aimée